Lesotho: Mlima, Ng'ombe na Bunduki

Ukiitazama ramani ya kusini mwa Afrika utaiona nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini, mfano wa kisiwa katikati ya bahari. Hiyo ndiyo Lesotho, yenye eneo la kilometa za mraba 30,355. Nchi nzima ni ya miinuko: mahali pake pa chini kabisa pako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Thabana Ntlenyana hufikia mita 3,482. Mwezi wa Juni hadi Agosti theluji huanguka milimani. Ndiyo maana Msotho hujitanda blanketi zito la sufu hata akiwa juu ya farasi.

Askari akiiona nchi ya namna hiyo hapana budi ajiulize iliwezaje kuponea. Jibu laanzia Thaba Bosiu, yaani Mlima wa Usiku, kilometa 24 hivi kutoka Maseru. Mwaka 1824, katika zile siku za vita na njaa ziitwazo Lifaqane, Moshoeshoe aliwahamishia watu wake huko. Njiani walaji watu walimkamata babu yake, Peete, wakamla. Husimuliwa kwamba baadaye walaji hao walipotiwa mikononi, watu walitaka wauawe. Moshoeshoe akakataa, kwa hoja kwamba wao sasa ndio kaburi la babu yake, na kaburi halivunjwi. Akawapa ng'ombe wapate kuacha kula watu.

Ngome hiyo ilichaguliwa na mtu aliyejua kusoma ardhi. Juu ni tambarare penye malisho na chemchemi. Kandokando ni kuta za mwamba, na njia za kupanda ni chache. Mwaka 1831 jeshi la Mzilikazi lilijaribu kuzipanda, likaporomoshewa mawe hata likarudi nyuma. Kamanda mwingine angaliwafukuza akawamaliza. Moshoeshoe aliwapelekea ng'ombe wanono, na ujumbe kwamba bila shaka ni njaa iliyowaleta. Hawakurudi tena. Wako watakaouita huo woga. Mimi nauhesabu kuwa ushindi wa pili katika vita ile ile, na wa bei nafuu kuliko wa kwanza.

Mbinu hiyo aliitumia hata kwa Waingereza. Desemba 1852 Jenerali Cathcart alidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000. Alipopewa ng'ombe 3,500 tu, akashambulia. Wapanda farasi wa Kisotho walimkabili vikali katika mapigano ya Berea. Usiku ule Moshoeshoe akaandikisha barua ya kuomba amani, kana kwamba ndiye aliyeshindwa. Jenerali akapata njia ya kuondoka bila fedheha, naye akaondoka.

Makaburu wa Orange Free State hawakutulizwa kwa barua. Agosti 1865 kamanda wao, Louw Wepener, aliuawa akiipanda Thaba Bosiu, na mlima haukutekwa. Lakini mashamba yaliyokuwa chini yalichomwa na mifugo ikachukuliwa. Ngome haivuni mtama. Mwaka 1868 Moshoeshoe, sasa mzee, alipata ulinzi wa Uingereza, na ardhi nzuri ng'ambo ya mto Mohokare, ambao ramani huuita Caledon, ikapotea. Hasara hiyo ingaliko: ardhi ya kulima ni haba, na kwa miaka mingi wanaume walikwenda kutafuta riziki katika machimbo ya Afrika ya Kusini.

Mfalme alifariki mwaka 1870. Miaka kumi baadaye serikali ya Cape, iliyokwisha kukabidhiwa nchi hiyo, iliamuru Wasotho wasalimishe bunduki zao, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa jasho la vibarua. Wakakataa. Vita vya 1880 na 1881 vilikwisha bunduki zikiwa mikononi mwao, na mwaka 1884 Cape ikairudisha nchi kwa Uingereza. Kwa hiyo Muungano wa Afrika ya Kusini ulipoundwa mwaka 1910 Lesotho haikuwamo. Ilipata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966.

Moshoeshoe amezikwa juu ya Thaba Bosiu. Karibu na hapo ni kilima cha Qiloane, chenye kilele kama pia, ambacho wengi husema ndicho kilichotoa umbo la mokorotlo, kofia ya nyasi ya Wasotho. Tangu mwaka 2006 kofia hiyo, kwa rangi nyeusi, imo katikati ya bendera ya taifa.