Kakai Kilonzo: Mkamba aliyeimbia taifa zima

Kila mjadala wa lugha unapozuka nchini, hakosekani mtu wa kudai kwamba Kiswahili kinazimeza lugha za mama. Mwenye kushikilia hoja hiyo ingemfaa atafute santuri ya Kakai Kilonzo, aisikilize kwa makini, kisha atueleze ni kitu gani kilichomezwa.

Kakai alizaliwa mwaka 1954 katika sehemu za Kilimambogo, wilaya ya Machakos wakati huo, chini ya mlima ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk. Mto Athi unaopita hapo ndio huo huo unaoteremka hadi kuwa mpaka kati ya Kitui na Makueni, upande wa Kanyangi. Hivyo mtu wa Kanyangi na mtu wa Kilimambogo, ijapokuwa wametenganishwa na masafa marefu, wameunganishwa na mto mmoja na lugha moja, Kikamba.

Hata hivyo, mazingira yao hayafanani. Kanyangi ni mashambani, na aghalabu neno la sokoni ni Kikamba. Kilimambogo iko karibu na Thika, penye mashamba makubwa ya mkonge, kahawa na mananasi yaliyowavuta vibarua wa kila kabila. Penye mkusanyiko kama huo, Kiswahili ndicho daraja. Si ajabu basi kwamba ni huko alikotoka kiongozi wa bendi aliyethubutu kulivuka daraja hilo kwa gitaa.

Bendi yake iliitwa Les Kilimambogo Brothers, hilo neno la kwanza likiwa la Kifaransa, kwa kuigiza mtindo wa bendi za Kongo. Katika miaka ya 1970, muziki wa benga ulikuwa umekwisha kutoka Nyanza na kuenea nchini. Wakamba waliupokea wakautia ladha yao: gitaa la pili lenye mtiririko mtamu, besi nzito, na mdundo wa haraka usiompa mchezaji nafasi ya kupumua. Wimbo mmoja ulijaza pande mbili za santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande wa kwanza ulibeba kisa. Wa pili uliyaacha magitaa yaseme.

Wengi wa viongozi wa bendi za Ukambani waliimba Kikamba, na hakuna wa kuwalaumu. Kakai naye aliimba Kikamba. Lakini alipoanza kurekodi kwa Kiswahili, akizungumzia maisha ya kila siku, milango ya nchi nzima ilifunguka. Wimbo wake "Mama Sofi" ulimfanya mpenzi wa watu wasiojua hata salamu ya Kikamba. Zingatia, msomaji: magitaa hayakubadilika. Mdundo ulikuwa ule ule wa Ukambani. Kilichobadilika ni maneno tu, na kwa mabadiliko hayo Mjaluo wa Kisumu na Mdigo wa Kwale walicheza ngoma ya Mkamba kana kwamba ni yao. Je, huko ni kumezwa, au ni kukaribishwa?

Kakai alifariki mwaka 1987, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Tukimtazama kando ya kiongozi wa bendi wa Marekani Glenn Miller, aliyepotea na ndege mwezi Desemba 1944, tunaona tofauti ya kusikitisha. Wamarekani walihifadhi rekodi za Miller, na mwaka 1956 wakaiunda upya okestra kwa jina lake. Sisi tumemwekea Kakai nini?

Sheria yenyewe inatuharakisha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Tungo za Kakai zina kinga hadi mwisho wa 2037. Rekodi yenyewe, hata hivyo, hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa. Ile ya 1980 itafikia kikomo mwishoni mwa 2030. Baada ya hapo mtu yeyote ataweza kuinakili, bora tu amlipe mwenye haki ya utunzi. Na mwenye haki atalipwaje ikiwa hakuna orodha kamili ya nyimbo na tarehe zake?

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la utamaduni, maktaba na makavazi. Machakos, Kitui na Makueni zingeweza kushirikiana kuzikusanya santuri hizo kutoka majumbani, kuziorodhesha na kuzinakili kabla hazijaliwa na vumbi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya sherehe moja ya uzinduzi. Wimbo uliotuunganisha sote haustahili kufia ndani ya sanduku la mzee mmoja kijijini.