Sura ya 4: Injini Ikiwa Baridi

Pikipiki niliyoinunua mara ya kwanza iliwaka kwa kiki moja. Nikafurahi, nikatoa hela. Kesho yake alfajiri nilipiga kiki hadi goti likaniuma, na ilipokubali kuwaka, moshi wa bluu ulijaa uani na majirani wakafunga madirisha. Muuzaji alikuwa ameizungusha mtaani kabla sijafika kwake.

Tangu siku hiyo mkono wangu hugusa bloku la silinda kabla hatujamaliza salamu. Nikikuta ni ya moto, naomba chai, tunakaa hadi ipoe. Muuzaji anayekataa kusubiri ananipunguzia kazi ya kuikagua.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka dakika ya kwanza tu kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu, na hilo halitishi sana. Ukitoka kila unapovuta mafuta, ringi zimekwisha au silinda yenyewe imelika; hapo toa gharama ya kushusha injini kwenye bei, au aga. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, anza na kabureta na chujio la hewa. Mweupe unaopotea upesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu.

Kilomita kwenye dashibodi sizisomi. Waya wa spidi hukatika na wengi hawaurudishi, wengine huung'oa kwa makusudi. Nasoma mipira ya kukanyagia, ncha ya pedeli ya gia na mkono wa kiki. Pikipiki inayodai kilomita elfu nane haiwezi kuwa na mpira wa breki uliolainika kama kipande cha mwisho cha sabuni. Nyingi zinazouzwa Tanzania zimepita kwenye bodaboda, tena za mkataba: kijana anapeleka hesabu kila siku hadi pikipiki iwe yake. Simlaumu. Lakini mwenye chombo anadai hesabu jioni, oili haidai, basi oili ndiyo inayongoja.

Halafu nenda nyuma, vuta mnyororo pale ulipozunguka sproketi. Ukinyanyuka hadi nusu ya jino ionekane, mnyororo na sproketi zote mbili vibadilishwe pamoja.

Kwenye makaratasi sina mengi. Namba ya chesisi imegongwa shingoni, chini ya usukani. Ipitishie kidole, ulinganishe na kadi, kisha ufanye hivyo kwa namba ya injini. Rangi mpya iliyopakwa shingoni peke yake ni dalili mbaya. Na kama mwenye jina kwenye kadi "yuko safarini", msubiri arudi.

Kwa fundi kuna michezo mingine. Silinda iliyolika huchongwa ikapewa pistoni nene zaidi, na pistoni hizo zina saizi: standadi, kisha 25, 50, 75 na 100, kila hatua robo ya milimita. Saizi kwa kawaida imegongwa juu ya pistoni yenyewe. Kwa hiyo nataka kuiona kabla kichwa hakijafungwa, maana wapo wanaotoza hela ya kuchonga huku wamebadilisha ringi tu. Ukikuta 100 tayari imo ndani, hakuna pa kuchonga tena. Andaa hela ya bloku jipya.

Kuna bili moja siisahau. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako watu hubadilisha oili wakikumbuka. Kemshafti yake haiko kichwani: iko chini, inazungushwa kwa gia, na fimbo mbili ndefu ndizo zinazosukuma valvu. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini hiyo, na yangu ilikuwa mojawapo. Fundi akaniandikia pistoni, ringi, gasketi, na mstari wa mwisho: taimingi cheni.

Pikipiki ya Boxer inayo cheni hiyo, ya kuzungusha kemshafti. Yangu haikuzaliwa nayo.

Nikamwomba anioneshe ile ya zamani aliyoitoa. Akapekua kwenye beseni la petroli kwa muda mrefu, akajifuta mikono, akachukua kalamu na kuukata ule mstari. Bado ndiye fundi wangu, maana kwa kurekebisha valvu sijaona wa kumpita.