Mwalimu Muliro na Kura ya Mwaka 1975

Katika Kenya ya ukoloni, njia iliyomfikisha Mwafrika kwenye baraza la kutunga sheria ilipitia darasani mara nyingi kuliko ilivyopitia kortini, sokoni au ofisini kwa chifu, na mfano mmoja mkubwa wa jambo hilo umebaki na jina lake mjini Kakamega hadi leo. Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wengi walizoea kuliita Legiko, lilianza kazi mwaka 1907 likiwa na wajumbe Wazungu watupu, na Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliyeteuliwa na gavana mwaka 1944, alikuwa mwalimu aliyewahi kufundisha katika Shule ya Upili ya Alliance. Miaka 13 baadaye, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wenyewe, kiti cha Nyanza Kaskazini, wilaya ambayo makao yake makuu yalikuwa Kakamega, kilichukuliwa na mwalimu mwingine, Masinde Muliro.

Walimu hawakutangulia kwa bahati. Mwalimu alikuwa miongoni mwa wachache vijijini walioweza kuisoma miswada, yaani sheria ambazo bado ni pendekezo, katika Kiingereza ilimoandikwa, na zaidi ya hapo alijulikana kila boma lenye mtoto shuleni, kwa kuwa chifu alikusanya kodi, naye mwalimu alikusanya watoto. Mshahara wake haukuwa mnono, lakini ulifika kila mwezi, na kazi yake ilimzoeza kusimama mbele ya watu, kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi na kustahimili maswali, ambayo ndiyo kazi ya mbunge ikiondolewa mapambo yake. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa Waafrika 8 waliochaguliwa Machi 1957, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate na Muliro mwenyewe wote walikuwa wamewahi kushika chaki. Mate ndiye aliyemwangusha Mathu katika eneo la Kati, ikawa mwalimu amempokonya mwalimu kiti.

Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Wabukusu, upande wa Kimilili, na baada ya masomo ya nyumbani na ya Tororo nchini Uganda alikwenda mbali kuliko wenzake wengi, hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, alikosomea shahada pamoja na ualimu. Alifika huko mwaka 1949, mara baada ya uchaguzi wa 1948 ulioingiza madarakani chama kilichoufanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi, kwa hiyo alijifunza siasa vitabuni na barabarani kwa wakati mmoja. Aliporejea Kenya mwaka 1954 alifundisha katika shule ya wasichana ya Alliance huko Kikuyu, kisha akahamia Chuo cha Walimu cha Siriba, Maseno, mahali ambapo walimu wa shule za magharibi mwa Kenya waliandaliwa. Mkufunzi wa walimu ana faida ambayo wagombea wengine huikosa, nayo ni kwamba wanafunzi wake hutawanyika katika shule za nchi nzima, na kila mmoja wao huwa mtu wa kusikilizwa huko aendako.

Uchaguzi wenyewe wa 1957 unahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana haukufanana na wa leo. Kura haikuwa haki ya kila mtu mzima. Kwa mpango uliotokana na ripoti ya Walter Coutts, Mwafrika alipaswa kutimiza sifa maalumu, kwa mfano kumaliza masomo ya shule ya kati, kuwa na kipato cha pauni 120 kwa mwaka au mali ya thamani ya pauni 500, au kuwa na utumishi wa miaka mingi, na aliyekusanya sifa kadhaa alipewa zaidi ya kura moja, mwisho wake kura 3. Katika eneo la Kati, ambako vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto, mpiga kura alidaiwa pia cheti cha kuthibitisha utiifu wake kwa serikali. Kwa hesabu hiyo, mwalimu mwenye cheti, mshahara wa kutosha na miaka mingi kazini angeweza kupiga kura tatu, hali jirani yake mkulima aliyeuza mahindi ili alipe karo ya watoto akakosa hata moja. Mpango huo ulibuniwa ili wenye elimu na mali wawe wapole kwa serikali, na hapo ndipo waliobuni walipokosea, kwa kuwa wenye elimu ndio walioielewa dhuluma hiyo vizuri zaidi.

Mpinzani mkuu wa Muliro alikuwa W. W. W. Awori, mwanahabari mwenye jina aliyekuwa tayari amekaa Barazani kwa kuteuliwa, na kushindwa kwake kulionyesha kwamba uteuzi wa gavana ulikuwa umeanza kugeuka mzigo kwa aliyeubeba. Wajumbe hao wanane walipoingia Barazani waliunda umoja wao na kukataa nyadhifa za uwaziri walizotengewa chini ya katiba ya wakati huo, wakidai kwanza viti zaidi vya Waafrika. Mwaka uliofuata viti 6 viliongezwa, vikawa 14.

Kuhusu majimbo, yaani mfumo wa kuzigawia sehemu za nchi mamlaka yake yenyewe, rekodi ya Muliro ina pande mbili. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha KADU, akawa naibu wa Ngala, na chama hicho kilipigania majimbo kwa hofu kwamba jamii kubwa zingezimeza ndogo. Katiba ya uhuru ya 1963 iliwapa walichotaka, Kakamega ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi lenye bunge lake, ila Trans Nzoia, ambako Waluhya wengi walikuwa wakiishi na ambako Muliro aliweka makazi yake ya kisiasa, ikaachwa upande wa Bonde la Ufa. Mwanasiasa aliyedai mipaka akawa yeye mwenyewe amekatwa na mpaka. KADU ilijivunja Novemba 1964, mabunge ya majimbo yakanyang'anywa nguvu na hatimaye kufutwa, na Kakamega ikangoja hadi 2013 ndipo ikapata tena baraza lake la kutunga sheria, yaani Bunge la Kaunti, ambalo wawakilishi wake 60 huchaguliwa katika wadi.

Lakini siku ambayo inafaa kutumiwa kumpima Muliro kama mtunga sheria ni ile ya Juni 1975. Machi mwaka huo J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini na mkosoaji mkali wa serikali, aliuawa, na mwili wake ukapatikana katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati teule, yaani kikundi cha wabunge kinachopewa kazi moja ya kuchunguza na kutoa ripoti, chini ya Elijah Mwangale, na ripoti ilipoletwa, serikali ilitaka isipitishwe. Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi. Mawaziri hufungwa na kanuni ya uwajibikaji wa pamoja, ambayo maana yake ni kwamba jambo likishaamuliwa na serikali kila waziri hulitetea hadharani au huacha kazi. Kazi ya kuwaweka wabunge wa chama kwenye mstari ni ya kiranja, na neno hilo lenyewe limetoka shuleni, kwa mwanafunzi anayewasimamia wenzake, jambo ambalo huenda likamfanya mwalimu atabasamu anapolisikia Bungeni. Muliro hakufuata mstari. Alipiga kura ya kuikubali ripoti, ikapita kwa tofauti ndogo, naye akafutwa kazi mara moja pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, mbunge wa Vihiga, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kakamega. Oktoba ya mwaka huohuo Martin Shikuku wa Butere, pia wa Kakamega, alikamatwa ndani ya majengo ya Bunge pamoja na naibu wa spika Jean-Marie Seroney, wakawekwa kizuizini. Kwa kulinganisha, Muliro alipoteza cheo tu, lakini alikitoa akijua bei yake, na uwaziri wake wa miaka yote hauna tendo linalolingana na kura hiyo moja.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa wazee sita waliosimama mbele ya FORD, vuguvugu lililodai vyama vingi, na Desemba mwaka huo kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kikaondolewa. Alifariki Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi alipokuwa akirejea kutoka London, miezi minne kabla ya uchaguzi alioupigania.

Chuo kilichoanzishwa Kakamega mapema katika miaka ya 1970 kwa michango ya harambee kilipandishwa hadhi kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, na ndani yake mna shule inayofunza walimu. Anayehitimu hapo na kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu hukutana na sheria ambayo Muliro hakukutana nayo, kwani mtumishi wa umma anayetaka ubunge au uwakilishi wa wadi lazima ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya kura, na akishindwa hana ahadi ya kurudishwa kazini. Kanuni hiyo ni ya haki kwa wapinzani wake, hasa kwa kuwa madarasa ndiyo vituo vya kura na walimu ndio mara nyingi huvisimamia, ila imeifanya siasa kuwa kamari nzito kwa mtu anayeishi kwa mshahara tu, na mwenye biashara hupita mlango huo bila kutoa jasho. Wanafunzi wa ualimu wanaopita kila siku chini ya jina la Muliro wangefanya vyema kuitafuta Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya Juni 1975, na kuisoma wenyewe.