Mwezi mmoja kwenye komisaria ya muji wa mugodi

Asubuhi mapema, mbele joto halijapanda, bamama wanakaa kwenye ukuta wa komisaria. Kila mumoja iko na sahani ya bukari iliyofungwa na kitambaa. Katikati ya mwezi wanakuwa wawili ao watatu. Kisha mushaara kutoka, wanafika kumi. Mwenye kutaka kujua namna gani muji wetu unaishi, asianze kuuliza kwa wakubwa. Ahesabu zile sahani.

Sisi tunajua ile ukuta. Mwaka mumoja tulikaa pale na sahani yetu. Mudogo wetu alikuwa mwenye kuchimba kwa mikono, na munununuzi mumoja wa depo alimushitaki juu ya mifuko ya mabwe iliyokosekana. Polisi walifika nyumbani usiku, hawakumukuta, wakabeba bibi yake. Alilala kasho siku ine, mutoto wa ziwa akabaki na nyanya yake. Sisi tuliuzisha televizyo na mufuko wa unga, tukalipa franga zilizoombwa, akatoka. Hakuna risi, hakuna karatasi hata moja. Tulirudi nyumbani tukisema aksanti.

Kisha miezi mingi, avoka mumoja alitufungulia Katiba ya 2006 kwenye kipande cha 17. Kosa ni la mwenye kulifanya: hakuna mutu anaweza kukamatwa ao kufungwa juu ya matendo ya mwingine. Bibi hakamatwi juu ya bwana, baba hakamatwi juu ya mwana. Ile franga tulilipa juu hatukujua. Njo maana leo tunapenda kufuata pamoja nanyi mwezi wa komisaria ya muji mudogo wa mugodi, posho kwa posho, kusudi kila jamaa ijue kazi ya polisi ni nini, na inasimama wapi.

Posho ya kwanza inaanza na mushaara. Wale wa kampuni wamelipwa, wa kariyeri wamegawa feza ya shimo, lutuku inapita toka kiwanja mpaka kiwanja. Polisi wanaitwa juu ya vita ya baa, simu imeibwa, mulango umevunjwa usiku. Hii ni kazi yao kabisa: kipande cha 182 cha Katiba kinawapa usalama wa watu na wa vitu vyao. Lakini ni ile posho pia madeni yanajaa kwenye komisaria. Mwenye kuuzisha kwa deni anakuja kushitaki, mwenye duka anakuja, mwenye kutoa feza ya kuchimbisha shimo anakuja kusema shimo halikutoa kitu na feza yake haikurudi.

Hapa tuseme wazi. Deni peke yake si kosa la kufungia mutu. Inchi yetu iliingia 1976 katika mapatano ya mataifa yenye kukataza kufunga mutu juu tu ameshindwa kulipa kile alichoahidi. Deni linaenda mbele ya tribinali, waamuzi wanapima. Ingine ni mutu aliyepewa vitu vya kuchunga ao vya kufanya nayo kazi fulani, akavikula na moyo wa kudanganya: hiyo sheria inaiita kosa, na polisi anaweza kuingia. Kama wanakuita juu ya deni, uliza bila makelele: munanishitaki deni ao kosa? Kosa gani? Waandike jina lake.

Posho ya pili ni ya mabwe. Wakati wa Union Minière, na kisha 1967 wakati kampuni ilikuwa ya Serikali, wazee wetu waliishi katika kambi penye kampuni ilikuwa na walinzi wake, na makelele mingi iliishia kwa mukubwa wa kambi, haikufika kwa polisi. Leo mabwe yanapita katika mikono mingi, na kila mukono unaogopa kuibiwa. Kuko walinzi wa kampuni, kuko polisi ya migodi, kuko wale wa SAEMAPE wenye kazi ya kuongoza na kufundisha wachimbaji wa mikono. Tusiwachanganye. Mulinzi wa kampuni si mupolisi: akikamata mutu mwenye kuiba, anapashwa kumupeleka mbele ya wenye sheria, si kumufungia katika kontena.

Na sisi pia tuko na sehemu yetu. Sheria ya migodi ya 2002, iliyogeuzwa 2018, inaomba muchimbaji wa mikono awe mutu mukubwa wa inchi hii, iko na karte yake, iko ndani ya kooperative, na anachimba mahali palipowekwa kwa ile kazi. Mwenye kuingia usiku ndani ya mugodi wa kampuni hana pa kusimama wakati wanamukamata. Hata hivi, kukamatwa si ruhusa ya kupigwa. Na juu ya watoto: sheria ya 2009 inasema mutoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa na kosa la kumufungia. Mukimuona ndani ya kasho pamoja na wakubwa, musilale. Mwende kwa parke ile siku.

Posho ya tatu, feza imeanza kukauka nyumbani. Ni wakati wa mambo ya ndani: bwana amepiga bibi, jirani wanagombania kipimo cha kiwanja, binti amerudi nyumbani akilia na hataki kusema. Mingi ya haya, polisi anaita pande mbili, anashauri, watu wanarudi. Ni vizuri. Kuko jambo moja tu halina mashauri. Toka sheria za Julai 2006, kosa la kulazimisha mutu kwa mwili haliwezi kumalizwa na amande kwenye meza ya polisi. Mbuzi wawili na feza ya mahari havifuti. Mwenye kufanya hivi anapashwa kufika mbele ya waamuzi, na munganga anapashwa kumuona binti mbio, mbele hajaoga na mbele nguo hazijafuliwa. Tunajua majina ya jamaa waliokubali mbuzi juu ya haya. Hatutayaandika. Mabinti wao wangali wanapita kila siku mbele ya mulango wa yule mutu.

Posho ya ine iko barabarani. Makamyo ya mugodi yanafukuzia masiku ya mwisho, moto zinabeba watu watatu, na polisi wa rulaji wanasimama kwenye rompwe. Kamyo na moto vikikutana, ni moto inapoteza. Tunalaumu polisi sana hapa, lakini tuulize pia namna gani tunabeba watoto wetu kwenda masomo, bila kofia, wawili nyuma na mumoja mbele. Kama kosa liko kweli na ni la amande tu, sheria inapatia polisi mwenye cheo cha OPJ ruhusa ya kukuambia ulipe, na jambo linaisha. Lakini ile amande ni ya hazina ya Serikali. Iko na karatasi, iko na risi. Feza yenye kuingia katika mufuko bila risi haina jina la amande, hata mwenye kuipokea akiiita hivi.

Tumesema OPJ. Hili neno tulikamate vizuri. Si kila mwenye uniforme anaweza kufunga mutu. OPJ njo anauliza, anaandika PV, anaamua kuchunga mutu, na anaweza tu kama kuko alama nzuri za kosa na kama lile kosa sheria inalipatia miezi sita ya buloko ao zaidi. Anafanya hivi chini ya macho ya parke. Kipande cha 18 cha Katiba kinaongeza: mutu aelezwe mara moja juu ya nini amekamatwa, na katika luga anayoisikia, aruhusiwe kuita jamaa ao avoka, na masaa 48 yakipita, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye sheria.

Hii ya luga, kwetu ni kubwa. PV inaandikwa kwa Kifaransa. Wangapi wametia mukono chini ya maneno wasiyoyasikia? Uko na haki ya kusema: munisomee kwa Kiswahili mbele nitie mukono. Na nyinyi wa ukuta, andikeni saa mutu wenu aliingia. Siku ya tatu, kama angali ndani, musiuze televizyo. Mwende kwa parke na ile saa kwenye karatasi.

Hatukuandika haya juu ya kuchukia polisi. Tunaishi nao kiwanja kimoja. Watoto wao na wetu wanasoma banki moja, na mushaara wao wanaungoja kama sisi tulivyoungoja wakati kampuni ilipokuwa ikianguka. Kuko wale wanaonunua karatasi ya PV na feza yao. Kuko wale walitoka usiku wa mvua kufuata wezi wenye bunduki, wakati sisi tulikuwa chini ya kitanda. Hawa tunawasalimia. Lakini shida ya mupolisi haipone kwa kufunga bibi ya mutu. Mupolisi mwenye kufanya kosa iko na wakubwa wake, iko na waangalizi wa polisi, na mashitaki juu yake yanapelekwa kwa oditora ya waaskari, kwani kufuata Katiba ni pale polisi anahukumiwa.

Toka 2013 kuko pia amri yenye kuomba kila mahali kuwe baraza ya usalama, penye wakubwa wa Serikali, polisi na watu wa muji wanazungumuza pamoja. Kwenye muji wenu, uliza shefu wa kartye kama inakaa, na siku gani. Kama haikai, ombeni ikae. Pale njo pa kusema juu ya barabara isiyo na taa, juu ya lutuku ya karibu na masomo, juu ya yule mwenye kuita watu kila mwisho wa mwezi bila sababu.

Yule mudogo wetu alirudi kisha posho mbili. Mifuko ilipatikana katika depo nyingine. Si yeye aliibeba. Hakuna aliyekuja kuomba samahani, na televizyo haikurudi. Bibi yake mpaka leo anazunguka kartye nzima kusudi asipite mbele ya komisaria. Kama siku ingine wanapiga mulango usiku, tunajua sasa neno la kwanza la kusema: munamutafuta nani? Yule? Basi munafuate yule. Huyu mama atalala hapa, na watoto wake.