Nyapara wa Milwaukee

Saa nane usiku feni ya laptopu yangu ilianza kuvuma kama mtu anayepepea jiko la mkaa lililogoma kushika. Laptopu yenyewe ni ya zamani, bawaba moja imefungwa kwa gundi ya karatasi, na kazi yake ya mchana ni kuandika barua tu. Mama Neema akauliza bila kufumbua macho, "Baba Neema, hiyo mashine inapika nini saa hizi?" Nikamwambia inatafuta nyota. Akageukia ukutani.

Sikumdanganya. Jioni ile nilikuwa nimeiandikisha kwenye Einstein@Home, mradi wa kisayansi ulioanza 2005, wenye seva katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Milwaukee na katika Taasisi ya Max Planck mjini Hannover, Ujerumani. Moja ya kazi zake ni kusaka pulsa, yaani mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka, yanayozunguka kwa kasi na kumulika mawimbi ya redio huku na huku kama taa ya mnara wa bandarini. Kila mzunguko huacha alama hafifu kwenye rekodi ya darubini, nayo alama hiyo imezama ndani ya kelele. Kuitoa humo ni kubahatisha: labda inazunguka mara 3 kwa sekunde, labda 40, labda ina nyota mwenza inayoivuta. Makisio ni mengi kuliko yanayowezwa na kompyuta za chuo chochote, kwa hiyo wanasayansi wanaomba msaada wa kompyuta zinazolala majumbani mwa watu.

Lakini kilichonikosesha usingizi si nyota. Ni jinsi kazi inavyogawiwa.

Wengi hudhani kuna kompyuta kubwa huko Marekani inayonyoosha mkono na kuingia kwenye mashine yako. Hapana. Seva haimpigii mtu hodi. Ni mashine yako inayotoka yenyewe kwenda kuomba, kama kibarua anayesimama getini alfajiri, na inaeleza hali yake bila kuficha: nina prosesa ya aina hii, kumbukumbu kiasi hiki, diski ina nafasi hii, kwa kawaida huwa nimewashwa saa kadhaa kwa siku, nipe kazi ya sekunde elfu kadhaa. Programu inayofanya mazungumzo hayo inaitwa BOINC. David Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza kuitengeneza mwaka 2002, na miradi mingi inaitumia. Seva ikishasikia, hutazama rundo la kazi lililo tayari na kuchagua inayomfaa mwombaji. Mwenye kumbukumbu ndogo hapewi mzigo utakaomlemea, na anayewashwa saa mbili tu kwa siku hapewi kazi ambayo kwa hesabu yake haitakamilika kwa wakati.

Neno la kazi hiyo tunalo tangu zamani: kipande. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, enzi za ukoloni, kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30. Kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulingoja kadi ijae. Kipande cha kompyuta hakina ukali huo, ila mantiki inafanana: kazi imepimwa mapema, inajulikana mwanzo na mwisho wake, na ina tarehe ya kurudishwa. Mradi uliofungua njia, SETI@home, ulioanza Mei 1999 kusaka dalili za viumbe wenye akili kwenye sayari nyingine, ulikuwa ukikata rekodi za darubini ya Arecibo, Puerto Rico, kuwa vipande vya sekunde 107 kila kimoja, faili la theluthi moja hivi ya megabaiti. Kanda za rekodi zilisafirishwa kwa posta hadi Berkeley, zikakatwakatwa huko, kisha zikaingia kwenye intaneti. Mradi uliacha kugawa kazi Machi 2020. Viumbe hawakupatikana.

Si kila kazi inakatika hivyo. Kupalilia shamba unaweza kuwagawia watu hamsini, kila mmoja na mstari wake, wasisemezane mpaka jioni. Kujenga ghorofa huwezi, maana wa juu anamngoja wa chini. Mashine za majumbani zinafaa kwa palizi tu.

Sasa tuje kwa nyapara, yaani ile seva inayogawa kazi, kwa sababu hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Nyapara huyu hawajui vibarua wake. Hajui kama laptopu yangu ina vumbi kwenye feni na hukosea hesabu ikichemka. Hajui kama nitaiuza kesho. Na anajua, kwa uzoefu, kwamba wapo waongo: siku za SETI@home watu walichezea programu ili irudishe majibu bila kufanya kazi, wapate pointi nyingi haraka. Pointi hizo hazinunui hata kiberiti. Ni namba kwenye ukurasa, na bado watu waliziibia.

Dawa yake ni ya kizamani. Kipande kimoja hupewa watu wawili wasiojuana, na mmiliki mmoja haruhusiwi kupewa nakala zote mbili asije akajishuhudia mwenyewe. Majibu yakirudi, programu ya uhakiki huyalinganisha. Yakikubaliana, yanaingia ghalani na wote wawili wanapata pointi. Yakipishana, nakala ya tatu inatolewa kwa mtu mwingine aamue.

Hata hivyo "kukubaliana" nako kuna utata. Wape watu wawili shilingi 100 wazigawe kwa tatu: mmoja ataandika 33.3, mwingine 33.33, na hakuna aliyesema uongo. Prosesa nazo hutofautiana pale zinapokatia tarakimu na jinsi zinavyopanga kujumlisha. Kwa hiyo mhakiki mara nyingi hadai majibu yafanane herufi kwa herufi, anaangalia kama tofauti ni ya kuvumilika, kama mizani mbili za buchani zinazopishana gramu chache. Kwenye hesabu ambazo kosa dogo hukua na kuwa kubwa, suluhisho ni kuoanisha mashine za jamii moja: nakala zote ziende kwa prosesa za kampuni moja na mfumo endeshi mmoja. Na kwa kuwa kufanya kila kazi mara mbili ni kutupa nusu ya nguvu, miradi mingine inaruhusu mashine iliyosema kweli kwa muda mrefu ipewe kazi peke yake, ikikaguliwa mara mojamoja kwa kushtukiza.

Utaratibu huu ulizaa matunda mwaka 2010. Kipande kimoja cha Einstein@Home, kilichotokana na rekodi ya Arecibo ya 2007, kiliangukia kompyuta ya mume na mke wa mji wa Ames, Iowa. Nakala yake ikaenda kwa mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani. Mashine zote mbili zilirudisha alama ileile: kitu kinachozunguka takriban mara 41 kwa sekunde, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Darubini zilipoelekezwa upya mahali pale, kipo. Kikaitwa PSR J2007+2722, na makala ya jarida la Science ikawataja wenye kompyuta hizo. Mji wa pili haukuingia kwa bahati. Uliingia kwa sababu nyapara alikataa kuuamini wa kwanza.

Kwetu kuna mfano ulio karibu zaidi. Kati ya 2005 na 2016 hivi Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Uswisi iliendesha malariacontrol.net, ambapo kompyuta za watu ziliigiza kijiji kizima: nani kaumwa na mbu, nani kaugua, ingekuwaje kama kungekuwa na chanjo. Kila kipande kilikuwa na makisio yake. Sehemu ya vipimo vilivyotumika, hasa mbu wanavyoongezeka na kupungua kwa majira, ilitoka Namawala, bonde la Kilombero, karibu na Ifakara. Nadhani wengi wa wenye mashine hawakuwahi kulisikia jina la kijiji hicho.

Narudi kwenye laptopu yangu. Umeme ulikatika mara mbili kabla kipande hakijaisha. Betri yake ilishakufa, kwa hiyo ilizimika pale pale. Nilidhani kazi imepotea, kumbe programu huwa inaandika kwenye diski kila baada ya dakika chache ilipofikia, kama mtu anayekunja pembe ya ukurasa. Umeme uliporudi ikaendelea na asilimia 61, si sifuri. Siku ya tatu ikamaliza na kurudisha. Nikafungua ukurasa wa mradi nione, nikakuta kazi yangu "inasubiri uhakiki". Mwenzangu, ambaye ninachojua kwake ni kwamba anatumia Linux na prosesa yake ina viini 16, alikuwa hajarudisha chochote.

Muda uliowekwa ni siku 14. Nilichungulia kila jioni. Huenda mashine yake imeharibika, huenda amehama nyumba, huenda amechoka na nyota. Siku ya kumi na tano seva ikamwandika kuwa amechelewa na kumpa kipande mtu wa tatu, bila barua wala lawama. Siku iliyofuata pointi zangu zikaingia.

"Imepatikana?" Mama Neema akauliza aliponiona natabasamu mbele ya kioo.

"Hapana, ni kelele tupu. Ila kelele zangu na za yule wa tatu zimelingana."

Akanitazama kidogo, kisha akaenda kwenye mita kuangalia uniti zimebaki ngapi.