Betri Ikizima, Tafuta Kwanza Kinachoila

Katika vijiji vyetu vya Haneti motokaa si pambo. Ndiyo ipelekayo mgonjwa hospitalini, ndiyo ichukuayo magunia ya mtama na alizeti kwenda sokoni. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, naye dereva azungushe ufunguo asisikie ila "ta-ta-ta", hapo betri si jambo la mafundi tu, ni jambo la uhai.

Desturi ya wengi ni kusukuma gari, kisha kesho yake kwenda Dodoma mjini kununua betri mpya. Baada ya mwezi mmoja nayo imezima! Fedha ya mavuno imekwisha, na ugonjwa ungalimo garini. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Fahamuni kwamba betri si kisima cha umeme, bali ni ghala. Ndani mna vyumba sita vyenye mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, jumla yapata 12. Anayeijaza ghala hiyo ni alteneta, mashine izungushwayo na injini kwa mkanda. Basi ghala huwa tupu kwa sababu tatu: haijazwi, au mwizi huiba usiku, au ghala yenyewe imebomoka.

Kwanza, tazama vichwa viwili vya betri. Je, vina unga mweupe au wa kijani? Je, waya zalegea? Fungua, safisha kwa maji ya moto yenye magadi, yasiingie ndani ya betri, kisha ukaushe na kukaza. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Pili, azima mita ya kupimia umeme. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12 imekaribia kwisha. Washa injini. Katika magari mengi yapasa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, mwenye kosa ni alteneta, mkanda wake au waya zake, na betri mpya haitakufaa kitu.

Tatu, mtege mwizi wa usiku. Chaji betri hata ijae. Jioni ondoa waya wa alama ya kutoa (−), na asubuhi uurudishe. Gari likiwaka vema, kumbe siku nyingine haliwaki, kuna kitu kinachokula umeme gari likilala: taa ya ndani, redio, king'ora, au waya uliochubuka. Lisipowaka, yaelekea betri yenyewe imechoka. Joto kali hufupisha maisha yake. Ikiwa ina vifuniko na maji yamepungua, ongeza maji yaliyotoneshwa tu. Maji ya kisima yana chumvi, nayo huiharibu.

Ikibidi kubadilisha, kazi hii yaweza kufanywa na mtu makini mwenye spana. Nunua ya ukubwa uleule, yenye vichwa upande uleule. Zima injini, vua saa na pete, wala usivute sigara wala kuwasha kibiriti, kwa maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka. Fungua kwanza waya wa kutoa (−), halafu wa kujumlisha (+). Kwa nini? Kwa sababu waya wa kutoa umeshikana na bodi la gari. Ukianza na wa kujumlisha, na spana ikagusa bodi, cheche kubwa zitaruka. Wakati wa kufunga, geuza utaratibu: kujumlisha kwanza, kutoa mwisho. Kaza na kishikizo, isirukeruke katika barabara zetu za mashimo. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi safi muda wa robo saa au zaidi, kisha nenda kwa mganga upesi.

Sasa, betri kuukuu itakwenda wapi? Hapa naomba wazazi wanisikie, hata wale wasio na gari, maana betri ya sola ya nyumbani nayo huwa na risasi mara nyingi. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko wakubwa, hasa katika ubongo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu mtaa mzima. Bibi Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, alimkuta mwanawe mchanga ana risasi mwilini. Aliwatetea jirani zake, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha, baada ya mahakama ya rufani kuitengua.

Kwa hiyo, usipasue betri uani, usimwage asidi yake, wala usiyeyushe risasi yake jikoni. Iweke wima, mbali na watoto, kisha uirudishe kwa muuzaji. Wengi huzipokea na hata kupunguza bei ya mpya. Baba aokoaye fedha yake kwa kuchunguza gari lake amefanya vema. Awalindaye watoto wake na sumu ya betri ileile amefanya vema zaidi.