Mbayuwayu Wamekuja: Kutazama na Kupiga Picha Ndege wa Boko Bila Kuwasumbua

Ukitoka Boko Basihaya kuelekea baharini jioni ya Januari, tazama nyaya za umeme. Mara nyingi utawakuta mbayuwayu wamejipanga: mgongo wa buluu inayong'aa, koo la rangi ya kutu, mkia uliogawanyika kama mkasi. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Wengi wao walianguliwa Ulaya au Asia, kwenye mazizi na chini ya mapaa ya nyumba za watu, kisha wakaruka maelfu ya kilomita hadi kwetu. Sisi tunapita chini yao tukiwahi jumuiya, wala hatuinui macho.

Kutazama ndege si jambo la watalii wa Serengeti peke yao. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na nyingi zinaonekana bila kulipia safari ndefu. Kinachotakiwa ni kujua wakati, kujua mahali na kuwa na adabu. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu.

Wakati

Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, kwetu ni miezi ya joto kali. Wakati huohuo kaskazini mwa dunia ni baridi: wadudu wamepotea na matope yameganda. Ndiyo maana ndege wa huko huanza kufika kwetu Septemba na Oktoba, katika siku zilezile ambazo Kanisa huadhimisha Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba. Machi na Aprili huondoka kurudi kutaga. Nabii Yeremia aliwafahamu ndege wa namna hii. Aliwataja ili kuwaaibisha watu ambao, tofauti na ndege, hawakujua majira yao mbele za Mungu.

Mahali

Kwa mkazi wa Boko, pa kuanzia ni ufukweni, upande wa Mbweni na Kunduchi, palipo na mikoko na matope. Hapo utamwona sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ambaye hutaga kaskazini mwa Ulaya na Siberia. Utawaona pia yangeyange, mdiria na vitwitwi wanaokimbia mbele ya wimbi. Ukibahatika, utakutana na kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene, wanaokula kaa. Hao huchimba mashimo mchangani na kutaga humo, kwenye pwani za Uarabuni na Somalia, kisha huja kwetu kula.

Usiende saa yoyote tu. Maji yakipwa sana, ndege wako mbali, ni vidoa tu machoni. Nenda maji yanapojaa, kwa sababu bahari yenyewe huwasogeza karibu nawe. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa zaidi. Waulize wavuvi, saa hizo wanazijua kuliko simu yako.

Wanaopenda msitu wana Pande, upande wa Mabwepande, na kwa safari ndefu kidogo kuna Pugu, ambako Wabenediktini walifungua misioni mwaka 1888. Huko nenda alfajiri, ndege wanapoimba, na uombe kibali kwanza, kwa kuwa misitu yote miwili ni hifadhi.

Picha

Darubini moja inatosha kwa watu watatu. Asiye na kamera aweke simu nyuma ya darubini, atapata picha ya kumtambua ndege. Mwenye kamera aweke kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi kwa ndege anayeruka. Kumbuka pia kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, na ndege wote watatoka weusi kama vivuli. Alasiri jua liko mgongoni mwako, na rangi zinaonekana.

Adabu

Siku moja nilikuwa ufukweni na kundi la vijana. Sululu na vitwitwi walikuwa wamepumzika kwenye kipande kidogo cha mchanga, maji yakiwa yamejaa. Kijana mmoja alitaka picha ya ndege wakiruka, akaokota jiwe na kulirusha. Picha ilitoka nzuri sana, na wote tukaishangilia, nami nikiwamo.

Baadaye nilielewa tulichofanya. Ndege hawa hutumia miezi ya joto kujilimbikizia mafuta mwilini, na mafuta hayo ndiyo chakula cha njiani watakaporudi kaskazini. Kila wanaporushwa wanayachoma bure. Maji yakiwa yamejaa hawana pa kulia wala pengine pa kupumzikia. Jiwe moja halimwui ndege. Lakini ufukwe wa Dar es Salaam una watu kila siku, na kila kundi likirusha jiwe lake, ndege ataanza safari akiwa na njaa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ndege akiacha kula na kuinua kichwa kukutazama, umefika mbali vya kutosha. Simama au keti. Usikate matawi ili kiota kionekane, wala usicheze sauti ya ndege kwenye simu ili kumwita. Usiache mabaki ya chakula: yanawalisha kunguru walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, ambao leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Na usimpige mvuvi au mama anayeokota kome picha bila kumwomba.

Daftari

Mwisho, andika: tarehe, mahali, saa, aina na idadi. Programu ya bure iitwayo eBird hupokea kumbukumbu hizo kutoka dunia nzima. Parokia inayohesabu ndege wa bonde moja kila Januari itakuwa na la kusema siku bonde hilo litakapotaka kufukiwa au mikoko yake kukatwa. Katika Laudato Si', waraka wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alisikitikia viumbe wanaotoweka bila watoto wetu kuwahi kuwaona. Hatuwezi kumtetea kiumbe ambaye hatukujua kama yupo.

Yule kijana bado anakuja nasi. Sasa huketi mchangani nusu saa kabla ya maji kujaa, kamera magotini, akiwasubiri ndege waje wenyewe. Mara nyingi huja.